Wimbo Uende na Mwenyewe

Miongoni mwa mambo ambayo wazee wetu waliyafanya kwa gharama na taabu, na ambayo sisi tunayafanya kwa ncha ya kidole, kumpelekea mtu wimbo ni mojawapo. Zamani mtu aliyependa wimbo akataka na mwenziwe aupende alikuwa na ikhtiari mbili tu: amwalike nyumbani kwake penye santuri, au amwazime sahani yenyewe na kumwomba Mungu irudi nzima. Leo abiria aliyepanda matatu mjini Thika, akasikia karibu na Juja wimbo uliomgusa moyo, huwa amekwisha kuwapelekea watu wa chama, wa ukoo na wa kwaya kabla gari halijafika Ruiru. Nao kabla ya jua kuchwa huwa wamewapelekea wengine, hata wimbo ukavuka bahari na kumfikia jamaa aliye Doha au Boston, ambaye hakuuomba wala hakuutazamia. Wepesi huu ni neema, na makala haya hayakukusudia kuulaumu. Yameandikwa kwa sababu kila neema ina adabu yake, na adabu ya neema hii haikuenea kwa kasi ile ile iliyoenea simu.

Nasaha zote zitakazofuata zinatoka katika kanuni moja, nayo ni hii: unapoupeleka wimbo, upeleke pamoja na mwenyewe. Maana yake ni kwamba jina la aliyeutunga na jina la aliyeuimba yasibanduke njiani, na kwamba njia ya kumrudia mwenye kazi, yaani ukurasa wake mwenyewe alikouweka wimbo kwa hiari yake, ibaki wazi kwa kila atakayeupokea. Anayeishika kanuni hii, hata akisahau mengine yote, hatapotea mbali. Na anayeiacha, ijapokuwa nia yake ni njema, aghalabu humdhulumu mtu yule yule ambaye anadhani anamsifu.

Watu wa Thika na Ruiru wanastahili kuambiwa jambo hili kabla ya wengine, maana nchi yao imezaa na kulea waimbaji kwa miaka mingi. Mlima wa Kilimambogo, ulio mashariki ya Thika, ndio ulioipa jina bendi ya Kilimambogo Brothers, iliyoongozwa na marehemu Kakai Kilonzo, mtu aliyeimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili na aliyefariki mwaka 1987 hali nyimbo zake zikipigwa nchi nzima. Upande wa magharibi ya mji, Gatanga ilimtoa John De'Mathew, ambaye alifariki kwa ajali ya gari tarehe 18 Agosti 2019 katika barabara kuu ya Thika, akitoka katika harambee iliyofanywa mjini humo. Ongeza juu ya hao wapiga gita wa mugithi, muziki wa Kikuyu, wanaowakesha watu katika mabaa ya Ruiru na Kamakis, kwaya za makanisa ya kila madhehebu, na vijana wa vyuo vya Juja na Thika wanaorekodi katika vyumba vyao vya kupanga, utaona kwamba hapa mtu anaposambaza wimbo, huenda mwenye wimbo ni jirani yake, ambaye kesho watakutana katika foleni ya maji.

Ili tuelewe tulichokipoteza, inafaa tutazame nyuma kidogo. Siti binti Saad wa Unguja aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, safari ambayo Shaaban Robert hakuacha kuitaja katika wasifu aliomwandikia, sahani zilizorudi pwani zilikuwa na karatasi ya duara katikati, na juu ya karatasi ile palikuwa na jina. Sahani iliweza kuazimwa, kuuzwa tena, hata kuibwa, lakini haikuwezekana kuitenga sauti na jina, maana vyote viwili vilikwenda pamoja vilikokwenda. Kisha ikaja kaseti, na kwa kaseti ikaja biashara ya kunakili. Jina likaanza kuandikwa kwa kalamu ya wino, mara nyingine kwa makosa, mara nyingine lisiandikwe kabisa, na uigaji ule ukawa mmoja wa misiba iliyozidhoofisha kampuni za santuri za Nairobi na kuwaacha waimbaji wengi wakiwa maarufu na maskini kwa wakati mmoja. Leo tumefika hatua ya tatu. Wimbo unaopitia WhatsApp hufika aghalabu umevuliwa kila kitu: faili huitwa herufi AUD, kisha tarehe, kisha herufi WA na nambari, wala hakuna ndani yake dalili ya nani aliyeimba, nani aliyepiga gita, wala ni mwaka gani. Mpokeaji huupenda, naye huupeleka mbele, na baada ya mikono mitano mwimbaji amekwisha kuwa yatima wa kazi yake.

Yawezekana msomaji akasema kwamba jina ni fahari tu, na kwamba mwimbaji hali fahari. La hasha. Katika zama hizi jina na njia ya kumrudia mwimbaji ndiyo riziki yenyewe, kwa kuwa malipo hutegemea hesabu, na hesabu kwa kawaida hufanywa pale alipouweka wimbo mwenyewe. Kwa masharti yaliyopo sasa, mwenye ukurasa wa YouTube hagawiwi mapato ya matangazo ya biashara mpaka awe na wafuasi 1,000, na juu yao watazamaji wawe wamemtazama kwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12, au video zake fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Spotify nayo, tangu mwaka 2024, hailipi kitu kwa rekodi ambayo haikusikilizwa angalau mara 1,000 katika mwaka mmoja. Kwa mwimbaji mkubwa wa dunia hesabu hizi ni mchezo. Kwa kijana wa mitaa ya Kiandutu au Kihunguro aliyelipia studio kwa mshahara wa kibarua, ni mlima. Basi watu mia tano wa Thika wanapousikiliza wimbo wake katika faili lililotumwa mkono kwa mkono, wamempa shangwe mia tano na hesabu sifuri. Watu hao hao wangalipitia ukurasa wake, angalikuwa amefika nusu ya safari.

Najua jawabu litakalotolewa, nalo ni la haki: bando ni ghali. Mtu mwenye bando la shilingi ishirini hawezi kuambiwa autazame wimbo mara tatu kwa siku katika YouTube ili amnufaishe mwingine. Lakini jawabu hili lina dawa. Kwanza, faili la sauti nalo hula bando la anayelituma na la anayelipokea. Tofauti ni kwamba huliwa mara moja tu. Pili, programu nyingi za muziki huruhusu wimbo upakuliwe penye Wi-Fi, katika chuo, ofisini au hotelini, kisha usikilizwe nyumbani bila kula bando, na hesabu ya mwimbaji isipotee. Tatu, zipo huduma zilizokusudiwa watu wa nchi zetu, kama Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi, ambayo humruhusu msikilizaji kupakua wimbo bure hali matangazo ya biashara yakilipia. Kwa hiyo unapowapelekea watu wako wimbo, usiwapelekee faili ulilolinyofoa. Wapelekee kiungo cha ukurasa wa mwimbaji, na ikiwa unajua kuwa miongoni mwao wako wenye bando haba, uongeze neno moja la kuwaelekeza mahali ambapo wimbo huo hupakuliwa kwa idhini.

Na kiungo peke yake hakitoshi, maana kiungo kisicho na maneno ni mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi. Andika mistari miwili au mitatu: jina la wimbo, jina la mwimbaji, mtunzi akiwa mwingine, lugha ya wimbo, na sababu iliyokufanya uutume. Sababu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Ukiandika tu kwamba wimbo ni moto, umesema ambalo kila mtu husema juu ya kila wimbo, na hakuna atakayeufungua; ukiandika kwamba huyu ni binti wa Makongeni, kwamba wimbo umetungwa kwa Kikuyu juu ya mama aliyeuza mboga ili alipe karo, na kwamba usikilize hasa pale kinanda kinaponyamaza, umemfungulia msikilizaji mlango na umemfanyia mwimbaji kazi ambayo hana pesa za kumlipa mtu aifanye. Wala usitume nyimbo kumi kwa siku. Anayetuma kumi hasikilizwi hata mmoja. Anayetuma mmoja kwa juma, na kila juma ukawa mzuri, watu humngoja.

Ama kuhusu sheria, imezagaa katika mitandao imani ambayo yafaa ing'olewe. Watu huambiana kwamba ukitumia sekunde saba, au kumi na tano, au thelathini za wimbo wa mtu, huna kosa. Na wengine huandika chini ya video kwamba hawana haki ya wimbo huu wala hawakukusudia kuvunja hakimiliki, wakidhani wamejikinga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Namba 12 ya mwaka 2001, haina sekunde zilizosamehewa. Inayo misamaha kwa matumizi ya binafsi, utafiti, uhakiki na kutangaza habari, tena kwa sharti la kumtaja mwenye kazi pale inapotakiwa. Lakini kuipamba video yako ya harusi au ya biashara kwa wimbo wa mwingine si uhakiki wala si habari. Na kule kukiri kwamba wimbo si wako hakukuondolei lawama, bali ni kujitolea ushahidi mwenyewe.

Wala wimbo wa zamani si lazima uwe mali ya kila mtu. Sheria hiyo huulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki, na huilinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki hizi ni mbili, na mara nyingi ziko katika mikono miwili. Kwa mfano, nyimbo alizozitunga Kakai Kilonzo mwenyewe zitalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2037. Isitoshe, sheria humpa mtunzi haki ya kutajwa jina na haki ya kukataa kazi yake isipotoshwe, na haki hizo haziondoki kwa kuwa ameiuza rekodi. Anayeukata wimbo wa mtu, akauharakisha hata sauti ikawa ya kitoto, kisha akaupachika jina lake, amezivunja haki zote mbili kwa pigo moja.

Wafanya biashara wa Thika na Ruiru, wenye saluni, maduka ya nguo, vibanda vya simu na mahoteli, sharti wasome sehemu hii mara mbili. Yako malipo ambayo mwenye biashara hutakiwa kutoa kwa vyama vya kukusanya haki za wanamuziki ili apige nyimbo mbele ya wateja wake, na kwa kuwa idhini za vyama hivyo zimekuwa zikibadilika, inafaa kuiuliza kwanza Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni chama gani chenye kibali mwaka huo kabla ya kumkabidhi mtu shilingi. Lakini hata aliyelipa na kubandika cheti ukutani hakununua ruhusa ya kuutumia wimbo katika tangazo la mtandaoni. Kupiga wimbo dukani ni jambo moja, na kuufunga wimbo kwenye picha za viatu vyako ili viatu viuzike ni jambo jingine linalohitaji ridhaa ya mwenye wimbo. Ndiyo sababu TikTok huwapa wenye akaunti za biashara ghala dogo la nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara, na kuwanyima nyimbo kubwa ambazo mtu binafsi huzitumia bila shida. Dawa iliyo bora ni rahisi: mtafute mwimbaji kijana wa mji wako, mwandikiane karatasi, mlipe kiasi mtakachopatana, nawe umtaje katika kila tangazo. Utapata wimbo ambao jirani yako mwenye duka hana, naye atapata mteja wa kwanza.

Makanisa nayo yamekuwa vituo vya utangazaji tangu janga la korona lilipoyafundisha kuipeleka ibada mtandaoni, na wachungaji wengi wamestaajabu kuona ibada ikinyamazishwa katikati ya sifa. Si uadui wa dini. YouTube ina mtambo unaolinganisha kila sauti na rekodi zilizosajiliwa na wenyewe, na mwenye rekodi ndiye huchagua ama kuizuia video, ama kuyachukua mapato yake, ama kuitazama tu. Kwaya inayoimba kwa sauti yake yenyewe ina heri kuliko inayoimba juu ya rekodi ya mtu mwingine. Hata hivyo utunzi wa mwingine hubaki wa mwingine, kwa hiyo mtunzi aombwe idhini na atajwe. Mkiona mmedaiwa kwa makosa, pingeni kwa utaratibu uliowekwa, na mdai ana siku 30 za kujibu. Msijaribu kuifuta video na kuipandisha tena kwa jina jingine. Onyo rasmi la hakimiliki si la kuchezewa, maana maonyo matatu katika muda wa siku 90 yaweza kuufuta ukurasa mzima, pamoja na ibada zote zilizohifadhiwa humo.

Kadhalika kuna haki za watu wasioimba. Usiku wa mugithi huko Ruiru au Kamakis mtu huinua simu ampige picha mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji wakaonekana watu wanaocheza, kila mmoja na sababu zake za kuwa pale. Mmoja wao huenda nyumbani ameaga kwamba yumo zamu ya usiku. Si kazi yetu kuwafichia watu hila zao, lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humlinda mtu asitangazwe bila ridhaa yake, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja ambaye hakuridhia, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Ikiwa wapenda kusambaza muziki, elekeza kamera kwenye jukwaa. Na watoto wanaocheza usiwapandishe mtandaoni pasipo idhini ya wazazi wao.

Sasa nije kwenye adabu ambazo hazimo katika sheria yoyote, ila kuvunjwa kwake huvunja udugu. Pwani wamejua tangu kale kwamba wimbo waweza kuwa mshale. Watu wa taarab hupashana kwa nyimbo, na aliyelengwa hujijua kabla ubeti haujaisha. Bara nako tumejifunza. Mke wa mtu huko Ruiru huweka wimbo wa injili kwenye stetasi yake, ubeti ule ule unaotaja maadui walioaibika, na mawifi watatu wakaacha kumwamkia. Nasaha yangu ni kwamba ugomvi usemwe kwa maneno ya mwenye ugomvi, ana kwa ana, wala usitwishwe wimbo wa mtu aliyeutunga kwa ajili ya Mungu wake. Vilevile uitazame saa na hali: kundi lililofunguliwa kupanga mazishi si mahali pa kupelekea wimbo wa ngoma, hata kama marehemu aliupenda, mpaka wafiwa wenyewe wauitishe, na wimbo wa faraja uliotumwa saa nane ya usiku humwamsha mfiwa aliyekuwa ameupata usingizi kwa shida.

Thika na Ruiru ni miji ya watu waliokuja na lugha zao, na hapo pana hadhari nyingine. Unapotuma wimbo wa lugha ambayo nusu ya kundi hawaifahamu, fasiri kwa ufupi unasema nini, ili asiyeifahamu asidhani anasengenywa. Na wewe unayepokea wimbo wa lugha usiyoijua, usiusambaze kwa utamu wa gita peke yake mpaka umeuliza maana, hasa wakati wa uchaguzi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 haimtazami tu aliyetoa maneno ya chuki ya kikabila, bali humfikia hata mwenye kuyasambaza, na adhabu yake yaweza kuwa faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Hakimu hatauliza kama ulikuwa unacheza.

Lipo jambo moja ambalo ningependa wazee walitilie maanani zaidi. Katika nyumba nyingi za pande hizi, ndani ya sanduku au juu ya kabati, zimo sahani na kaseti za zamani ambazo hazikuwahi kuingia katika mtandao wowote, na vijana wenye shauku huzitia katika simu na kuzipandisha kana kwamba wameziokota porini. Shauku hii njema iongozwe. Mfano uliotangulia tunao: Joseph Kamaru, bingwa wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, ana mjukuu aliyerithi jina lake, mwanamuziki anayejulikana kwa jina la KMRU, ambaye alizikusanya rekodi za babu yake na kuzitoa upya katika Bandcamp, zikiwa na majina yake, ili anayezipenda azinunue na familia ijue zilikokwenda. Hivyo ndivyo inavyofaa kufanywa. Ukikuta kaseti, kwanza nakili kila neno lililoandikwa katika jalada: bendi, watunzi, studio, nambari ya sahani. Pili, hifadhi nakala safi ya sauti. Tatu, itafute familia ya mwimbaji kabla ya kuipandisha. Katika miji yetu hii si kazi ngumu, kwa kuwa redio za lugha zetu na vyama vya wanamuziki huwafahamu. Na mwimbaji anapofariki, kama alivyofariki De'Mathew, siku zile ambazo kila mtu anataka kuzibandika nyimbo zake ndizo siku ambazo kuelekeza watu katika ukurasa wake halisi ni rambirambi inayofika nyumbani kwa wajane na mayatima. Kuzinyofoa na kuzipandisha katika ukurasa wako ili ujikusanyie wafuasi ni kula matanga ya watu.

Nawageukia wanamuziki wenyewe, kwa maana haifai kumtaka msikilizaji apitie mlangoni hali mwenye nyumba hakuuweka mlango. Wapo waimbaji wanaolia kwamba wanaibiwa, na ukiwauliza ukurasa wao ni upi, wanakutajia wa mtayarishaji, ambaye ndiye mwenye barua pepe na neno la siri. Kabla wimbo haujatoka, kaeni wote mlioshiriki, mtunzi, mwimbaji, mpiga ala na mtayarishaji, muandike katika karatasi moja kila mmoja ana fungu gani, mtie saini. Mazungumzo hayo ni mepesi wimbo ukiwa haujaleta senti, na huwa vita ukishaleta. Mdundo wa ala ulioupata mtandaoni, usome masharti yake, kwa kuwa wa bure kusikiliza si lazima uwe wa bure kuuza. Isajili kazi kwa KECOBO kupitia sajili yake ya mtandaoni. Fungua ukurasa kwa barua pepe yako mwenyewe. Chagua msambazaji anayeupeleka wimbo katika maduka yote ya muziki, na uhakikishe rekodi imepewa namba yake ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo ndiyo huitambulisha popote iendapo.

Ukiuweka wimbo katika Skiza, huduma ya milio ya simu, ujue kwamba sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 humwekea mwenye kazi fungu lisilopungua asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu. Usome mkataba wa wakala kabla ya kutia saini, uone kama fungu hilo limo. Usinunue wasikilizaji wa bandia, kwa sababu huduma za muziki huwagundua, huwafuta, na mara nyingine humtoza msambazaji faini ambayo hurudi kwako. Na unapowaomba watu wakusambaze, warahisishie: uwape kipande kifupi kilichokatwa vizuri, picha yenye jina lako, maneno ya wimbo yaliyoandikwa, na kiungo kimoja tu. Watu hawana uchoyo wa kukutaja. Aghalabu hawajui wakutaje vipi.

Imebaki kusema mtu afanye nini anapouona wimbo uliokwisha kutengwa na mwenyewe, maana jambo hili litamkuta leo hii. Asimtahayarishe aliyeutuma mbele ya kundi, khasa akiwa mzee, kwa kuwa aibu haimfundishi mtu ila kunyamaza. Alitafute mwenyewe jina la wimbo. Simu za siku hizi zina programu zinazoutambua kwa kuusikia, na zikishindwa, aandike maneno machache ya kiitikio katika kitafutio. Kisha aandike kwa upole: asante sana, mjomba, kwa wimbo huu, ni wa fulani wa mahali fulani, na ukurasa wake ni huu hapa. Mjomba hatakasirika, kundi litajifunza pasipo kuhutubiwa, na mwimbaji atapata wasikilizaji ambao alikuwa amekwisha kuwapoteza. Asipopatikana mwenyewe baada ya juhudi ya kweli, basi wimbo usikilizwe na waliokwisha kuupokea, usisukumwe mbele, mpaka apatikane wa kuutaja.

Kazi hii yote haizidi dakika mbili. Anayeona dakika mbili ni nyingi mno kwa mtu aliyetumia miezi kutunga, na azihesabu upya.